Mlango wa Pembeni wa Figo

Siku ya kuniaga nilipostaafu mliniuliza, wenzangu wa kazi, keki ikiwa bado mdomoni, ni jambo gani moja la maabara ambalo sitalisahau. Sikujibu kwa sababu na mimi nilikuwa natafuna. Sasa nina wiki sita nyumbani Embu. Kahawa imepaliliwa, na mume wangu ameanza kuniuliza kwa upole kama hakuna mahali ninapotakiwa asubuhi. Basi nimekaa kuandika jibu. Habari za vyeo na barua za kupandishwa ngazi naziacha kwenye faili zilikolala. Nitawasimulia habari ya mama mmoja ambaye damu yake ilinifundisha kazi upya, wakati nilipodhani nimeshaijua.

Nilianzia kazi Embu, nikiwa na viatu vya kuazima na cheti kilichokuwa bado kinanuka wino. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Ireri, mtu mwembamba, mkimya, ambaye koti lake jeupe lilikosa kifungo kimoja miaka yote niliyomjua. Asubuhi ile ya kwanza hakunipa kazi yoyote. Alinichoma kidole, akapaka tone la damu yangu kwenye kioo, akalitia rangi, akaniketisha mbele ya hadubini ya dirishani. Ilikuwa ile ya zamani yenye kijioo cha kuvutia mwanga wa jua. Wingu likishuka kutoka mlimani, kazi inasimama.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Visahani vyekundu. Vingi sana."

"Ni vyako hivyo. Vimekuwa vikikufanyia kazi tangu uzaliwe na hujawahi kuviambia asante. Angalia."

Akaniacha hapo nusu saa nzima. Shuleni nilikuwa nimeona picha za damu, lakini picha haikuwa mimi. Nilitoka kwenye kiti kile nikitembea polepole, kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kuvunjika.

Mzee Ireri alikuwa na sheria moja, na wale niliowafundisha mmeichoka. Jibu likikushangaza, alisema, kwanza jishuku wewe mwenyewe, halafu shuku mashine, halafu shuku dawa za kupimia. Mgonjwa awe wa mwisho kushukiwa. Alituonyesha kwa vitendo. Siku moja alipima upya sampuli arobaini kwa sababu moja tu ilikuwa imemkera, na akakuta ni yeye aliyekuwa amesoma vibaya. Akatuita wote akatuambia. Nimefanya kazi na wakubwa wengi baada yake, na sikuona mwingine aliyeitisha mkutano ili aseme amekosea.

Miaka ile ya mwanzo ilikuwa migumu. Virusi vya ukimwi vilikuwa vimefika kila kijiji, na sisi wa maabara tulikuwa hodari wa kumwambia mtu atakufa na nini. Zaidi ya hapo hatukuwa na la kumpa. Halafu ARV, dawa za kuvituliza virusi, zikaja. Namkumbuka mwanamume aliyeletwa amebebwa kwa blanketi na ndugu zake wanne. Baada ya miezi michache alisimama dirishani kwangu akinigombeza kwa sauti kwamba majibu yake yamechelewa. Sijawahi kufurahia kugombezwa namna ile. Niliingia stoo nikalia kidogo, nikarudi nikamwomba msamaha.

Nilipohamishiwa Meru nilikuta watu wanaocheka Kiembu changu na mashine ya kemia yenye ukubwa wa friji ya bucha. Tuliiita Askofu, kwa sababu haikuguswa bila maandalizi. Ilipima sukari, chumvi, ini na figo, sampuli moja baada ya nyingine, bila kuuliza habari za wingu mlimani. Kwa upande wa figo ilitupa namba ya kreatinini. Kwa wasomaji ambao si wa kazi hii, kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Figo zikiwa nzima huitoa kwenye mkojo. Ikianza kujaa kwenye damu, tunasema figo zinalegea. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha ninyi.

Sasa nije kwa mama mwenyewe. Nitamwita Kagwiria. Si jina lake, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili hata dada yake akisoma asimtambue. Aliniruhusu kuandika. Alikaa Kianjai na kuuza viazi katika soko la Gakoromone. Alikuwa amekunywa ARV kwa miaka mingi bila kukosa hata siku moja, na dawa alizichukua kwetu mjini, katika CCC, kliniki ya wenye virusi, kwa kuwa hapo hakuna mtu wa kwao Kianjai wa kumwona. Alipokuja kutolewa damu alipenda kuninyooshea mkono kabla sijamwambia, huku akiongea na simu ya biashara kwenye mkono ule mwingine.

Kisha wagonjwa wetu wakabadilishiwa dawa. Kidonge kipya kilikuwa na dolutegravir ndani yake, pamoja na tenofovir waliyokuwa wakiimeza tangu zamani. Kilikuwa kidonge kizuri. Virusi vilishuka upesi, na zile ndoto za kutisha ambazo dawa ya awali iliwapa watu zikaisha. Lakini wiki chache baadaye nilianza kuona jambo kwenye Askofu. Kreatinini zilikuwa zinapanda. Si kwa wingi wa kutisha, ila kidogo kidogo, mtu huyu na yule. Ya Kagwiria ilitoka sabini na nane ikafika mia moja na nne.

Nilifuata sheria. Nilijishuku mimi, nikarudia kila kitu. Nikashuku mashine, nikaipima kwa sampuli za uhakiki. Zilitoka sawa. Nikafungua kopo jipya la dawa za kupimia. Ikawa vilevile. Mwishowe nikajitoa damu mwenyewe, na figo zangu zikawa za msichana. Basi nikatia sahihi kwenye ripoti ya Kagwiria na kuipeleka. Sikuona kosa langu. Afisa wa tiba aliyemhudumia aliisoma, akakumbuka kwamba tenofovir huweza kweli kuumiza figo, akamwambia kwamba figo zake zimeanza kuchoka na kwamba arudi baada ya mwezi waone. Hata yeye simlaumu. Karatasi ilisema hivyo.

Kagwiria hakurudi baada ya mwezi. Alirudi baada ya karibu miezi miwili, na hakwenda CCC. Alikuja moja kwa moja dirishani kwangu.

"Muga, Madam," alinisalimu kwa Kimeru. "Hiyo mashine yako inaweza kukosea?"

"Kila kitu kinaweza kukosea. Kwani nini?"

Aliangalia nyuma yake kama kuna mtu anasikia. "Kaka yangu alienda na figo. Mimi ndiye nilikuwa nampeleka dialisisi. Nilimwona akiisha. Kwa hivyo waliponiambia zangu zimechoka, nilijua ni hizo dawa. Nikaziacha."

"Umeziacha tangu lini?"

"Tangu ile karatasi yako."

Karatasi yangu. Nimeona watu wengi wakiacha dawa kwa sababu ya mahubiri, au ya mume, au kwa kuchoka tu. Sikuwa nimewahi kuona mtu aliyeziacha kwa sababu ya sahihi yangu.

Nilimwomba anipe damu tena. Nilipima kreatinini hapohapo huku amesimama. Ilitoka themanini. Kagwiria alipiga makofi.

"Si unaona! Nimeacha dawa, figo zimepona! Hata kutapika kumeisha. Nilikuwa natapika kila asubuhi kama mjamzito, tumbo linaendesha, nguvu hakuna. Sasa niko sawa kabisa."

Niseme kweli, mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kumwamini. Dawa ikiingia, kreatinini inapanda na mtu anaumwa. Dawa ikitoka, inashuka na mtu anapona. Mnataka ushahidi gani tena? Lakini nilimwomba asubiri kipimo cha wingi wa virusi, nacho kilikuwa na yake ya kusema. Kwa miaka mingi virusi vyake vilikuwa havionekani kabisa. Sasa virusi vilikuwa vimerudi kwa maelfu, katika damu ya mwanamke aliyekuwa amesimama mbele yangu akicheka kwa furaha.

Nilimpeleka kwa Daktari Nkatha, mfamasia wetu. Wengi wenu mnamjua. Wakati ule alikuwa mgeni, kijana, na wazee wa hospitali walimwona anauliza maswali mengi mno. Alitusikiliza wote wawili bila kutukatiza. Halafu akageuza bahasha ya vidonge na kuchora figo nyuma yake.

"Mama, figo inatoa uchafu kwa njia mbili," alisema. "Ya kwanza ni chujio. Damu inapita, uchafu unachujwa. Hiyo ndiyo njia kubwa. Lakini kuna mlango wa pembeni. Kwenye kuta za mirija ya figo kuna protini ndogo sana, kazi yao ni kubeba. Zinashika kitu upande wa damu, zinakivusha, zinakiachilia upande wa mkojo. Kreatinini nyingi inapita kwa chujio, lakini kiasi fulani hubebwa na hao wabebaji."

"Na dawa yangu?"

"Dawa yako mpya inawazuia hao wabebaji. Mikono yao inakuwa imeshikwa. Kwa hivyo ile kreatinini waliyokuwa wakiivusha inabaki kwenye damu, na namba inapanda. Lakini chujio halijaguswa. Figo haijaumia."

Nakumbuka nilikaa chini bila kukaribishwa. Nilikuwa nimepima kreatinini za watu kwa miaka mingi. Kila siku niliandika kiasi kilichomo kwenye damu, na sikuwahi kuuliza kinatoka kwa mlango gani.

"Kama ni tenofovir imeumiza figo," Nkatha akaniambia, "tungetarajia mkojo uanze kumwaga protini. Mkojo wake ulisemaje?"

Mkojo wake ulikuwa safi. Nilikuwa nimeupima mimi mwenyewe na kuuona safi, na nikaiamini namba moja kuliko yote mengine.

Kagwiria hakushawishika. "Na kutapika? Hiyo pia ni mikono imeshikwa?"

Hapo Nkatha aliweka kalamu chini. "Mama, kuna dawa nyingine unakunywa?"

"Hakuna."

"Hata ya kununua kwa duka la dawa? Hata ya presha, ya sukari?"

Nje kulikuwa na mtu anayeburuta mtungi wa oksijeni, na tuliusikiliza wote watatu mpaka ukafika mwisho wa korido. Kisha Kagwiria akafungua mkoba wake. Ndani ya kitambaa cha kichwa alichokikunja alikuwa na kadi nyingine ya kliniki, ya sukari, kutoka hospitali nyingine karibu na kwao Kianjai. Metfomini, vidonge vinne kwa siku.

"Kule hawajui ya huku," alisema. "Na huku nilikuwa sitaki mjue ya kule, mngeandika kwa kadi, na kadi mtu anaweza kuiona. Yule nesi wa kule tunaimba naye kwaya. Anasimama hapa, mimi nasimama hapa." Alionyesha kwa mikono miwili. Hapakuwa na nafasi katikati.

Nkatha aliangalia kadi ile kwa muda mrefu. Aliponieleza, sauti yake ilikuwa imeshuka, kama watu wanavyoongea ndani ya kanisa tupu. Metfomini hutolewa mwilini kupitia mlango uleule. Wabebaji walewale. Dawa ya virusi ilipowashika mikono, kreatinini ilibaki kwenye damu, na hiyo haikumdhuru mtu. Lakini metfomini nayo ilibaki, ikarundikana siku baada ya siku, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtapisha na kummaliza nguvu. Ingeendelea kujaa, damu ingeweza kuwa na asidi, na hapo tusingekuwa tunaongea naye tena. Namba iliyotutisha sote haikuwa na maana. Hatari ilikuwa kwenye kadi iliyofungwa kwenye kitambaa.

Nimefikiria jambo hili mara nyingi nikipalilia kahawa. Kliniki mbili ambazo hazijawahi kusalimiana, kadi mbili zilizofichwa zisijuane, na dawa mbili zikaenda zikakutana kwenye kijimlango ambacho hadubini ya Mzee Ireri isingeweza kukiona hata jua lingeshuka dirishani. Mwanamke yule aligawanya maisha yake katikati kwa uangalifu mkubwa. Figo zake hazikupewa habari hiyo.

Nkatha hakumlazimisha. Alimwambia, "Nipe mwezi mmoja. Unarudia dawa za virusi. Metfomini inapunguzwa nusu. Halafu tunapima figo kwa kitu kingine kisichopita kwa hao wabebaji, kinachopita kwa chujio peke yake. Kama chujio limeharibika, kitatuambia."

Kitu hicho kinaitwa sistatini. Askofu hakuweza kukipima, lakini Nkatha alijuana na mtu katika maabara moja Nairobi.

"Lakini anayepunguza metfomini lazima awe yule anayekupa," akaongeza. "Lazima wajue."

Kagwiria alianza kufunga mkoba wake, nikadhani amekataa. Kisha akauliza, "Mwezi mmoja?"

"Mmoja."

"Niandikie barua. Mimi siwezi kulitamka mbele ya yule nesi."

Barua ile Nkatha aliiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ya pili ilikuwa na huruma nyingi mno. Ya tatu ilikuwa na mistari minne. Kagwiria aliiweka ndani ya Biblia, na Biblia ndani ya mkoba, na siku mbili hizo sikulala vizuri.

Siku ya tatu alinipigia simu akiwa sokoni. Nyuma yake watu walikuwa wakipigania bei ya kabeji.

"Nimempa," alisema.

"Akasemaje?"

"Alisoma. Akarudia kusoma. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyake tu. Akachukua kadi, akakata nne, akaandika mbili. Akaniuliza kama nimekula. Halafu akaniambia, 'Mazoezi ni Alhamisi. Usichelewe, sauti ya pili imebaki na watu watatu.'"

"Basi?"

"Basi. Madam, miaka yote hiyo nilikuwa naogopa nini?"

Nilisikia anacheka, halafu nikasikia hacheki tena. Nilikaa naye kwenye simu mpaka mnunuzi alipokuja.

Mwezi ulipita. Siku ya kumtoa damu niliandika jina lake kwenye chupa moja mara mbili, na Kagwiria akanitania kwamba labda ni mimi ninayehitaji daktari. Kreatinini niliipima mwenyewe. Mia moja na tatu. Ilikuwa imepanda tena, kama Nkatha alivyosema itapanda. Chupa ya pili niliifunga kwa barafu ikaenda Nairobi.

Jibu liliporudi, Nkatha alikimbia nalo. Mfamasia hakimbii, mnajua. Alikimbia kutoka stoo ya dawa mpaka maabara na koti limepeperuka. Sistatini ilikuwa ya kawaida kabisa. Chujio zima. Tuliweka karatasi mbili juu ya meza, moja ikisema figo za mama huyu zinachoka, nyingine ikisema ni nzima, na zote mbili zilikuwa za kweli, za damu moja, za asubuhi moja. Mimi nilizitazama mpaka chai ikapoa. Nkatha naye, aliyejua yote hayo kutoka vitabuni, alikuwa akizitazama vilevile.

"Kuna wengine," aliniambia. "Wabebaji. Kwenye utumbo wako, wengine wanarudisha dawa nje kabla haijaingia. Kwenye ukuta wa ubongo wapo, wanasukuma baadhi ya dawa zisipite. Kwa mama mjamzito wapo kwenye kondo la nyuma, wanachagua kipi kimfikie mtoto. Ndiyo maana dawa inaweza kuwa imejaa kwenye damu, na mahali pengine mwilini iko kidogo tu."

"Na nani anawaambia wafanye hivyo?" nilimuuliza. Lilikuwa swali la kijinga kwa mtu wa umri wangu.

"Mimi naweza kukuambia jinsi wanavyofanya," akasema Nkatha. "Hilo lingine sijui."

Kuanzia siku ile tulikubaliana mambo. CCC walianza kuuliza kila mtu dawa zake zote, na kuuliza mara ya pili kwa sauti ya chini. Nami niliacha kutuma kreatinini iliyopanda bila kuchungulia mkojo na kuuliza mgonjwa anameza nini. Baadhi yenu mmelalamika kwamba hiyo si kazi ya maabara. Mara mbili ilikuwa kweli figo zimeumia, na tukazidaka mapema, kwa kuwa hatukusema "ni kile kidonge tu" tukapita. Msifikirie nawafundisha kupuuza. Nawaambia muulize.

Virusi vya Kagwiria vilishuka, vikafika pale visipoonekana, na havijarudi. Sukari yake inaenda vizuri na vidonge viwili. Hatapiki.

Wiki yangu ya mwisho kazini alikuja kwa damu yake ya kawaida. Alininyooshea mkono kabla sijamwambia, simu kwenye mkono mwingine, akibishana na dereva. Nilimwambia asubiri majibu kama ana nafasi, nikayapima, nikarudi dirishani.

"Bado iko juu?" aliniuliza.

"Bado. Mia na tano."

"Basi ikae hukohuko," alisema, akishusha mkono wa sweta. "Mimi niko na lori la viazi linanisubiri Makutano."